Ridhaa ya Mwenza

Bonifasi, karani wa kampuni ya mikopo, aliifungua pedi ya wino, akaisogeza taratibu mbele ya Mwanne kama mtu anayemsogezea mgeni chumvi.

"Dole gumba la kushoto, Mama. Hapa, na hapa, na hapa nilipotia alama."

Mwanne akautazama wino, kisha akakitazama kidole chake. Kilikuwa bado na magamba ya dagaa. Alfajiri ile alikuwa ameanika kabla ya kupanda kuja mjini, na ingawa alinawa kwa sabuni mara mbili, magamba ya dagaa ni kama mawifi: wanaaga lakini hawaondoki.

"Mimi nina sahihi, baba," alisema.

"Ah, samahani Mama. Basi tia sahihi."

"Na kabla ya sahihi nina macho."

Pembeni yake mumewe, Ashraf, akakohoa. Alikuwa amevaa ile fulana yake ya kazini, ya buluu, yenye jina la shirika mgongoni, ameipiga pasi mpaka mikunjo imesimama. Ashraf alikuwa seremala. Tangu Warundi walipoanza kuvuka tena kwa maelfu, wakiteremshwa bandarini na magodoro yao vichwani, shirika moja lilikuwa limemwajiri kwenye bohari lake, na kwa mara ya kwanza katika umri wake alikuwa anapokea mshahara unaopita benki. Mshahara huo ndio uliowapandisha ngazi za ofisi ile. Bibi Eufrasia, mwenye nyumba waliyopanga Kasingirima, alikuwa amewaambia wazi: mashirika yanataka nyumba, yanalipa kwa mwaka mzima, hayagombani juu ya choo. Nunueni au mnipishe.

Mwanne akazivuta karatasi. Zilikuwa nene kama chapati nne zilizopandana.

"Zote Kiingereza?"

"Ndiyo lugha ya sheria, Mama. Lakini nitakueleza kwa kifupi."

"Kifupi sikitaki. Mimi nimesoma mpaka la saba pale pale Ujiji. Kiingereza kilikuwa siku ya Alhamisi, na mwalimu wake alikuwa anaumwa mgongo. Wewe nisomee kwa Kiswahili, kwa sauti, tangu juu mpaka chini."

Kwenye benchi nyuma yao, watu waliokuwa wakingoja zamu waliacha kujipepea. Mmoja akacheka puani.

"Mama Ikram," Ashraf alisema kwa sauti ya kooni. "Tulishaongea nyumbani."

"Tuliongea nyumba, Baba Ikram. Karatasi hatukuziongea."

Bonifasi akatabasamu tabasamu la mtu mwenye njaa. "Mama, hii yako ni karatasi moja tu. Ridhaa ya Mwenza. Sheria inasema nyumba wanayoishi mume na mke haiwekwi rehani mpaka mwenza akubali. Ni utaratibu tu."

"Nisipotia sahihi?"

"Mkopo hauendi."

"Kumbe mimi ndiye mlango!" Mwanne akajiweka sawa kwenye kiti, akafunga upya kanga yake. "Basi piga hodi vizuri."

Benchi zima likacheka. Ashraf akainama akatazama viatu vyake.

Bonifasi hakuwa mtu mbaya. Akavuta pumzi, akaanza kusoma. Wanaomba milioni kumi na mbili. Bei ya nyumba ni kumi na nane. Milioni mbili walikwisha kumpa Bibi Eufrasia kama arabuni, kushikia nyumba, na nne walikuwa nazo, za mbao za Ashraf na za dagaa za Mwanne. Watalipa kwa miaka saba, kila tarehe tano, laki mbili na tisini na tatu elfu.

"Tukitoka hapa mnatupa kumi na mbili," Mwanne alisema.

"Si hasa, Mama. Kuna ada ya kushughulikia mkopo. Kuna bima. Kuna mthamini aliyekuja kuiangalia nyumba. Kuna mwanasheria, na kusajili rehani. Vyote vinakatwa kwanza."

"Jumla?"

Akabonyeza mashine yake. "Milioni moja na laki moja."

"Kwa hiyo tunapokea kumi na laki tisa. Na riba?"

"Riba inahesabiwa kwenye kumi na mbili."

"Hata ile mliyokata, ambayo hatukuiona?"

"Ndiyo."

"Haya. Tumelipa miaka mitatu, minne. Deni limeshuka. Riba nayo inashuka?"

Bonifasi akasita. Angeweza kusema lolote, nani angejua? Lakini mwanamke yule alikuwa anamtazama mdomoni kama anayengoja mtoto ateme kokwa.

"Haishuki, Mama. Inahesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, mpaka mwisho."

"Yaani nimeazima sufuria kwa jirani, nimemrudishia nusu ya vyombo, na bado ananidai ushuru wa vyombo alivyonavyo jikoni kwake?"

"Ndivyo mkopo huu ulivyo."

"Mwisho wa yote, tumelipa ngapi?"

Mashine ikabonyezwa tena. Bonifasi hakuitamka namba. Aliigeuza mashine imwelekee. Milioni ishirini na nne na laki sita.

Mwanne akaisoma tarakimu kwa tarakimu, midomo ikicheza. "Hizi, pamoja na sita zetu, ni karibu nyumba mbili. Moja ni ya Kasingirima. Ya pili iko wapi?"

Kwenye benchi hakucheka mtu safari hii. Mzee mmoja aliyeshika bahasha ya kaki aliifungua, akaanza kuchungulia karatasi zake mwenyewe.

"Na humu mmeandika mimi napata nini?"

"Mzee wako hapa amesema laki nne kwa mwezi, za dagaa."

Mwanne akamgeukia mumewe. Pale ndipo lilipokuwa kosa, na halikuwa la Bonifasi. Ashraf alikuwa ameulizwa mke wako anapata nini, akataja mapato ya giza moja zuri la kiangazi, zile siku zisizo na mwezi, ambazo mitumbwi ilirudi imezama mpaka ukingoni. Mtu wa ziwani akisema hivyo kwa mtu wa ziwani mwenzake, huyo mwenzake anajua kupunguza mwenyewe: anajua mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi inalala mchangani, anajua masika dagaa wanaoza kwenye chanja. Lakini karatasi haijui kupunguza. Ilizidisha laki nne kwa miaka saba, ikaridhika.

"Tarehe tano ikiangukia mbalamwezi?" aliuliza Mwanne.

"Kuna faini ya kuchelewa."

"Na kazi ya mzee ikiisha? Mkataba wake ni wa mwaka. Umeandikwa utaendelea iwapo wakimbizi wapo."

"Mkishindwa kulipa, mnapewa notisi. Baada ya hapo kampuni inauza nyumba."

"Na jina langu liko wapi humu?"

"Hapa, Mama. Mwenza."

"Hilo si jina. Hata mbuzi ana mwenza."

Akaufunga mfuniko wa pedi ya wino. Ulilia *tak*, sauti ndogo tu, lakini Ashraf aliusikia kama mlango wa nyumba yake.

"Sitii," alisema Mwanne. Akasimama. "Asante kwa kunisomea, baba. Mungu akupe."

*

Walishuka mpaka Ujiji. Walipofika kwenye chanja za Mwanne, karibu na maji, Esther alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio wa chelewa. Esther alikuwa ametoka Rumonge na wanawe wawili na sufuria moja. Mume alibaki kule, na kama alibaki juu ya ardhi au chini yake hakuna aliyejua. Dada yake aliolewa Ujiji zamani, ndipo alipofikia, na mchana alimsaidia Mwanne kwa ujira na kwa mboga.

"Mmepata nyumba?" Esther aliuliza kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani.

"Muulize mwenye nyumba mbili," alijibu Ashraf. Kisha ikamtoka. "Umenivua nguo, Mwanne! Mbele za watu! Fundi mzima, naulizwa na mke wangu mbele ya karani kama mtoto aliyetumwa sukari akarudi na chumvi."

"Nguo ulivuliwa na karatasi. Mimi nimekuonyesha tu kwamba kuna baridi."

"Tumehama mara nne! Kitanda kile kile nakifungua, nakifunga, mpaka matundu ya misumari yamechoka. Kila mwenye nyumba akipata mkwe, sisi nje. Akipata mzungu, sisi nje. Nataka kufa kwenye kuta zangu. Hilo nalo ni kosa?"

Lile la misumari lilimchoma Mwanne, maana lilikuwa kweli. Akachukua ufagio mkononi mwa Esther, akageuza dagaa mstari mmoja, taratibu.

"Si kosa. Na mimi nazitaka kuta. Lakini sikiliza, Baba Ikram. Mshahara wako unatoka wapi?"

"Shirika."

"Na shirika limeletwa na nani?"

Ashraf akatazama maji.

"Limeletwa na huyu." Akamwonyesha Esther kwa kidevu. "Kwao kukitulia, anarudi. Wakirudi, bohari linafungwa. Bohari likifungwa, nyumba inauzwa. Sasa niambie, nikitoka kuswali, niombe nini? Ya Rabbi, usiwape amani, mpaka tumalize deni? Miaka saba? Kila tarehe tano niamke nisikilize redio nikitumaini watu wanauana bado?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Karatasi imesema. Kwa Kiingereza."

Esther alikuwa ameelewa zaidi ya walivyodhani. Alifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mama Ikram," alisema, "kama ni mimi nakaa ili upate nyumba, nitakaa."

"Nyamaza, mwanangu. Utarudi kwenu. Na mimi nitapiga vigelegele, na hakuna mtu atakayenilipisha faini."

*

Bibi Eufrasia aliwapokea barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa Kalinzi, na kila alilosema alilisema kama anaagiza sindano.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmekuja na hela au na maelezo?"

"Tumekuja na hela kidogo na maelezo mengi," alisema Mwanne. Akaliweka neno lake. Watampa milioni nne zao leo hii, juu ya zile mbili. Kilichobaki watalipa kwa mtindo wa ziwani: kila giza likiisha na mitumbwi ikishalipana, wanakuja na fungu lake. Mbalamwezi ikiwaka yeye hadai, wao hawaombi radhi. Ndivyo wenye nyavu wanavyodaiana tangu babu zao, na hakuna mtumbwi uliopigwa mnada.

Bibi Eufrasia akacheka mpaka maji yakatikisika kwenye beseni. "Mimi si mtumbwi, Mwanne. Ninajenga Kalinzi, fundi wangu hali dagaa. Na shirika linaleta gari lao Jumatatu kupima chumba cha kuweka mitambo. Mitambo! Ninyi mnaniletea habari za mwezi."

"Basi turudishie arabuni yetu."

"Arabuni hairudi. Muulize mumeo, tulikubaliana. Mwezi niliowapa wa kutafuta mkopo umepita."

Hapo Ashraf, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu hodi, akafungua. "Bibi, dari la nyumba hii nimelipiga mimi kwa mbao zangu. Mlango wa uani ni wangu. Madirisha mawili ni yangu. Ukishika arabuni yote, nitashika mlango wangu, na shirika litaweka mitambo kwenye nyumba isiyo na mlango."

Mwanne alimtazama mumewe kama aliyemwona leo.

Walibishana mpaka maji ya beseni yakapoa. Mwisho Bibi Eufrasia akaingia ndani na unyayo wenye maji, akarudi na milioni moja kwenye mfuko wa rambo. Ile nyingine, alisema, ni ya usumbufu.

"Umeishika, haya," alisema Mwanne akihesabu noti. "Lakini nataka uikumbuke. Haikuliwa, imelala kwako tu."

*

Wakahamia vyumba viwili nyuma ya cherehani za fundi nguo, mtaa ule ule. Kuhama mtaa ule ule ni kubaya kuliko kuhama mbali, maana kila godoro lina mashahidi. Ashraf alisukuma mkokoteni, kitanda kimefungwa kwa kamba ya nyavu. Wanawake waliokaa kando ya makarai ya maandazi wakapiga kelele:

"He! Wakimbizi wa Kasingirima! Kadi ya chakula mmekata?"

"Mkimbizi hubebwa na lori la shirika," Mwanne aliwajibu, ndoo kichwani, shingo haikuyumba. "Mimi nimebebwa na mume wangu. Nipisheni njia, maandazi yenu yanaungua."

Esther, nyuma yake na jiko la mkaa mikononi, alicheka mpaka ikabidi aliweke chini.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Chumba kilivuja, cherehani zilianza kunguruma kabla ya jua, na Ashraf kwa muda mrefu alikula bila kusifu mboga. Jirani mmoja alipita akawasimulia kwamba yeye amepata mkopo kwa siku tatu tu, hakuulizwa wala hakuuliza. Alinunua nyumba yenye vigae. Ashraf alilisikia hilo akaenda kulala bila kuaga. Lakini kila giza lilipoisha, Mwanne aliweka fungu lake benki kama aliyekuwa na deni, ila deni lenyewe alijidai yeye. Mbalamwezi ikiwaka alilala usingizi wake wote.

Kisha redio ikaanza kusema watu wajiandikishe wanaotaka kurudi.

Esther alirudi na kundi la mwanzo. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mumewe alionekana Rumonge, juu ya ardhi, amekonda lakini anatembea. Asubuhi ya safari Mwanne alimfungia dagaa wakavu kwenye kiroba na chupa tatu za mawese, akampeleka mpaka yalipopangwa mabasi.

"Urakoze, asante, Mama," alisema Esther, akakipakata kiroba.

"Nenda. Ukifika, kwanza panda kitu kinachoota haraka."

Basi lilipoondoka, Mwanne akaweka kiganja mdomoni akapiga vigelegele. Alivipiga virefu, vya harusi, mpaka askari akageuka. Ukutani alikuwa amesimama yule jirani wa nyumba ya vigae, naye alikuwa anafanya kazi bohari moja na Ashraf. Yeye hakupunga mkono. Alikuwa anayahesabu mabasi.

Kabla ya masika kuisha Ashraf alirudi mchana, ameishika ile fulana ya buluu mkononi, imekunjwa. Akasimama mlangoni.

"Wamefunga," alisema.

"Ingia basi, ugali usipoe."

Alikula. Alipomaliza alinawa.

"Leo ni tarehe nne," alisema. "Kesho tungedaiwa."

Kicheko kilimfika Mwanne mpaka kwenye meno, akakimeza. Alimmiminia maji. Kesho yake Ashraf alichukua nyundo akaenda ziwani, akamtengenezea chanja mpya, ndefu, za miti iliyonyooka, na kila mama aliyepita aliuliza bei.

*

Bibi Eufrasia alikuja mwenyewe, kwa miguu, jua la alasiri. Nyumba yake ilikuwa imekaa tupu tangu mitambo ilipoondoka. Mchwa walikuwa wameingia chumba cha mbele, na wapangaji waliobaki mjini walikuwa ni wa kubembelezwa.

"Mwanne," alisema baada ya salamu na maji ya kunywa, "yale maneno yako ya giza na mbalamwezi, bado yapo?"

"Yapo, Bibi. Ila bei haipo tena ile."

"Kumi na nane ndiyo bei."

"Kumi na nane ilikuwa ya shirika. Mdai shirika. Mimi nakupa kumi na nne, na mchwa nitawafukuza mwenyewe."

"Unanidhulumu, mtoto wa kike!"

"Kumi na tano basi, kwa ajili ya miguu yako. Na ile milioni yangu iliyolala kwako iamke, ihesabiwe kwanza."

Bibi Eufrasia akamtazama Ashraf kutafuta huruma ya kiume. Ashraf alikuwa anaparuza mbao, hakuinua kichwa. "Mimi ni mwenza tu, Bibi," alisema. "Ongea na mlango."

Siku tatu baadaye walikaa kwenye mkeka, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Bibi Eufrasia alikuwa ameandika kwa mkono wake, ukurasa mmoja, mwandiko wa hospitali. Akaunyoosha kwa Mwanne pamoja na kalamu.

Mwanne hakuupokea.

"Soma kwa sauti," alisema.

"Nisome? Si unajua kusoma?"

"Najua. Soma."

Bibi Eufrasia akavaa miwani. Akasoma bei, na milioni saba zinazotolewa leo mkononi, na ile moja iliyolala. Akasoma kwamba kilichobaki kitalipwa kila giza likiisha, bila riba, bila faini, na kwamba mbalamwezi haina madai. Akasoma kwamba gharama ya muhuri wataigawana nusu kwa nusu, na hakuna gharama nyingine iliyo nje ya karatasi hii. Cherehani zilikuwa zimenyamaza. Fundi nguo alikuwa amesogea dirishani na sindano mdomoni.

"'Wanunuzi,'" Bibi Eufrasia alimalizia, "'ni Ashraf Khamisi na Mwanne Omari, kwa haki sawa.' Umeridhika?"

"Rudia hapo."

"Wapi tena?"

"Hapo penye wanunuzi."

Kikongwe akashusha miwani, akamtazama. Kisha akaipandisha, akasafisha koo, akasoma upya, polepole, safari hii kwa sauti ya kuita wagonjwa kutoka mlango wa wodi, mpaka wauza maandazi upande wa pili wa barabara wakageuza vichwa.

Mwanne akanyoosha mkono apewe kalamu.